Shevale ya pini na shevale isiyo na pini: namna ya kuikagua, kuivika nyuzi na kuitengeneza

Ukitaka kujua gitare ya akustiki itadumu kiasi gani, usianze na jina lililoandikwa kichwani. Angalia shevale, kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni nyuma ya tundu la sauti, ambako nyuzi zote sita zinafungiwa. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, ile ya 12 hadi 53 (unene wa uzi mwembamba na wa uzi mnene, kwa elfu za inchi), ikikazwa kwenye sauti yake inavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 73. Nguvu hiyo inabebwa na uso wa mbao usiozidi milimita 3 pamoja na gundi iliyo chini ya shevale, usiku na mchana, hata gitare ikiwa imetundikwa ukutani.

Gitare nyingi zinazouzwa Lubumbashi zinafika na mizigo inayopita mpaka wa Kasumbalesa, au ni za okazio zilizokwisha kupita mikono ya watu kadhaa. Muuzaji atakwambia rangi na bei. Habari za shevale itakubidi uzitafute mwenyewe, kwa sababu yeye mara nyingi hajui, au anajua na hana faida ya kukwambia. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujua unachokiangalia, kuvika nyuzi bila kuumiza mbao, na kurudisha shevale iliyobanduka bila kuipigilia visi (skrubu).

Watu wanapenda kuanza na swali la sauti: ya pini na isiyo na pini, ipi inalia vizuri zaidi? Mimi naliweka swali hilo nyuma. La mbele ni hili: ni kitu gani kinachoshika nyuzi, na siku kikiachia, je, seremala wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye subira ataweza kukitengeneza?

Tambua ulicho nacho

Shevale ya pini ina matundu sita nyuma ya mfupa (kile kijiti cheupe ambacho nyuzi zinapita juu yake, hata kama ni cha plastiki), na kila tundu limezibwa kwa pini yenye kichwa cha mviringo. Uzi unaingia tunduni na kipete chake, yaani kile kiduara cha shaba kilicho mwishoni mwake. Unapita shevale, unapita uso wa gitare, unapita ubao mgumu uliogundishwa kwa ndani, kisha kipete kinakaa chini ya ubao huo. Pini yenyewe haibebi mzigo wa uzi. Kazi yake ni kukisukuma kipete kikae pembeni mwa tundu, kisirudi njia kilikopitia. Ukilielewa jambo hili moja, nusu ya matatizo ya pini zinazoruka yanakwisha.

Kwenye shevale isiyo na pini, uzi unaingia kwa nyuma. Kuna matundu sita yaliyotobolewa mgongoni mwa shevale, yanatokea mbele karibu na mfupa, na kipete kinabaki nyuma kikilalia mbao ya shevale. Uso wa gitare hautobolewi kabisa. Wako wanaodhani huu ni ujanja wa viwanda vya bei rahisi kuokoa pesa za pini. Sivyo. Ovation, iliyoanzishwa Marekani na Charles Kaman mwaka 1966, imejulikana kwa shevale za namna hiyo. Takamine ya Japani inazo kwenye gitare zake nyingi. Na George Lowden wa Ireland ya Kaskazini, ambaye gitare zake ni za bei ya kutisha, anazijenga bila pini tangu miaka ya 1970. Ila ni kweli pia kwamba gitare za bei ya chini kabisa zinazo, na hizo ndizo zinazotuletea kazi.

Aina ya tatu ni ile ya nyuzi za nailoni, ambapo uzi unapita tunduni kisha unazungushwa na kufungwa fundo. Ukiiona kwa haraka inafanana na isiyo na pini, na hapo ndipo gitare zinapouawa: mtu anaona matundu nyuma, anavika nyuzi za chuma. Seti ya nailoni inavuta karibu kilo 40. Mpe uso huo kilo 73, kisha hesabu miezi. Ishara ni rahisi: shingo pana, kichwa chenye mianya miwili mirefu ambamo nyuzi zinazungukia, na shevale yenye mbao mbili zilizoinuka, moja ya mfupa na moja ya kufungia.

Kuna pia gitare ambazo nyuzi zinapita shevale na kwenda kufungwa kwenye chuma kilichopigiliwa kitakoni. Hapo shevale inakandamizwa tu, haivutwi juu. Hizo hazituhusu leo.

Nguvu inapita wapi

Katika aina zote mbili, nyuzi zinataka kuipindua shevale: ukingo wa nyuma uinuke, wa mbele uzame kuelekea tundu la sauti. Tofauti iko katika mahali vipete vinapovutia. Kwenye shevale ya pini, vipete vinavuta ubao wa ndani kwenda juu, hivyo uso wa gitare unabanwa katikati ya ubao huo na shevale. Hata gundi ikichoka kidogo, kuna kitu kingine kinachosaidia kushika. Kwenye isiyo na pini, vipete vinaivuta shevale yenyewe, na shevale haina rafiki mwingine isipokuwa gundi.

Je, hiyo inamaanisha isiyo na pini ni dhaifu? Hapana. Gundi ya mbao iliyopakwa juu ya mbao safi, ikabanwa vizuri, ni ngumu kuliko nyuzinyuzi za mti wenyewe. Ukiing'oa kwa nguvu, mbao itachanika kabla ya gundi. Shida ni pale kiwanda kilipogundisha shevale juu ya vanishi badala ya kuikwangua kwanza. Kwa pini, kosa hilo linaweza kujificha miaka. Bila pini, linajitokeza mapema, mara nyingi katika ukame wa kwanza.

Ya pini nayo ina magonjwa yake. Matundu sita yaliyopangwa mstari mmoja, kufuata urefu wa mbao, ni mwaliko wa ufa: shevale inapasuka kutoka pini hadi pini. Ubao wa ndani unaliwa na vipete polepole hadi matundu yanakuwa mapana. Na pini zenyewe zinapotea. Ukiona gitare ya kwaya imezibwa matundu kwa misumari au vipande vya kalamu, usicheke, lakini usiinunue kabla ya kuangalia ndani.

Tofauti nyingine haizungumzwi sana, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote kwa mtu anayecheza. Ni pembe ambayo uzi unashukia baada ya kupita juu ya mfupa. Pembe ikiwa na mteremko wa kutosha, uzi unakandamiza mfupa na sauti inaingia mbao. Ikiwa bapa, uzi unacheza juu ya mfupa, unatoa mlio wa kuwashawasha, wakati mwingine unateleza pembeni. Sasa, gitare inapozeeka nyuzi zinapanda juu ya shingo, na fundi anapunguza mfupa ili kuzishusha. Kwenye shevale ya pini, mfupa ukishuka unaweza kuchonga kijia kidogo kutoka tunduni kuelekea mfupa, na pembe inarudi. Kwenye isiyo na pini, mahali uzi unapotokea pamekwisha kuamuliwa kiwandani. Ukishusha mfupa sana, umemaliza.

Mji huu una sababu ya kujali hilo. Mtindo wa Katanga ambao mpiga gitare Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, aliupeleka mbali, na ambao Losta Abelo na Edouard Masengo walikuwa mabingwa wake, unategemea kidole gumba kushika besi huku cha shahada kikiimba juu. Hakuna mapigo ya mkono mzima ya kufunika uzi uliolegea. Uzi mmoja usiokandamiza mfupa vizuri utasikika ukikosa jibu kila mara kidole kinapourudia.

Kuhusu sauti basi: tofauti ya pini na bila pini peke yake ni ndogo kuliko tofauti ya nyuzi mpya na nyuzi za mwaka jana. Uzito unasikika zaidi. Pini za shaba ya manjano zina uzito wa karibu mara saba ya pini za plastiki za ukubwa uleule, na uso wa gitare lazima uutikise uzito huo wote kabla sauti haijatoka. Gitare iliyo kimya tayari usiiongezee shaba, hata kama shaba ni mali ya nyumbani.

Kukagua kabla ya kutoa pesa

Nenda mchana, na kioo kidogo cha kujipodoa, tochi ya simu, kipande cha karatasi ya kawaida ya kuandikia, na rula iliyonyooka.

Pitisha karatasi ukingoni mwa shevale, kwa nyuma kwanza, halafu pembe mbili za kulia na kushoto. Isipoingia, vema. Ikiingia milimita moja hivi, inaweza kuwa ukingo wa vanishi tu, si lazima ugonjwa. Ikiingia milimita 3 au zaidi, gundi imeanza kuachia na bei inapaswa kushuka. Kwa shevale isiyo na pini sisamehi hata kidogo: karatasi ikipita, nalegeza nyuzi palepale, nakubaliana bei ya gitare inayohitaji kutengenezwa, au naiacha.

Halafu weka rula ukiilaza usoni nyuma ya shevale. Uvimbe mdogo ni wa kawaida kwa nyuzi za chuma. Uso usio na uvimbe wowote mara nyingi ni wa mbao nene isiyolia. Unachotafuta ni uso unaozama mbele ya shevale na kuinuka ghafla nyuma yake. Hiyo ni shevale inayopinduka, na mara nyingi kuna kiungo cha ndani (kijiti cha mbao kilichogundishwa chini ya uso kuushikilia) kilichoachia.

Ingiza kioo kwa tundu la sauti, mulika kwa tochi, angalia upande wa chini wa shevale. Kwenye ya pini vipete vyote sita vinapaswa kulala juu ya ubao mgumu, vimepangwa vizuri. Kipete kilichozama ndani ya mbao, au matundu yaliyochanika na kuungana, ni dalili ya ubao ulioliwa. Kwa juu utaona dalili yake ya pili: ile sehemu nene iliyosokotwa mwishoni mwa uzi imepanda hadi kulala juu ya mfupa. Angalia pia kama kuna nati mbili za chuma. Nati zilizowekwa kiwandani, zenye vifuniko vya mviringo juu ya shevale, si dhambi. Visi vilivyoingizwa kwa juu bila nati ndivyo vya kuogopa.

Mwisho pima mfupa. Ukiwa umebaki na urefu wa milimita 3 hivi juu ya shevale, bado kuna nafasi ya kurekebisha. Kisha pima kimo cha nyuzi kwenye chuma cha 12 cha shingo (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ukihesabu kutoka kichwani): milimita 2.5 chini ya uzi mnene na chini kidogo ya 2 kwa uzi mwembamba ni raha. Mfupa mfupi pamoja na nyuzi zilizo juu maana yake ni shingo iliyosogea, na kwa shevale isiyo na pini hakuna njia rahisi ya kutoka hapo.

Kuvika nyuzi kwenye shevale ya pini

Legeza nyuzi taratibu zote, usizikate zikiwa zimekazwa. Kabla ya kuvuta pini, sukuma uzi ndani ya tundu ili kipete kiachie. Pini nyingi hapo zinatoka kwa vidole. Ikikataa, ingiza mkono kwa tundu la sauti na uisukume kutoka chini kwa ukingo wa sarafu. Pense (koleo) ni ya mwisho, ikiwa imefungwa kitambaa, na kwa kuvuta wima bila kuzungusha. Panga pini kwenye karatasi kwa mfuatano wake, maana zikikaa miaka kila moja inazoea tundu lake.

1. Kunja uzi mpya kidogo, karibu kabisa na kipete, ili kipete kielekee mbele.
2. Tumbukiza kipete ndani ya tundu kiasi cha sentimita mbili.
3. Weka pini, mfereji wake ukitazama tundu la sauti, uzi ukiwa ndani ya mfereji. Isukume kidogo tu.
4. Vuta uzi kwenda juu huku kidole gumba kikiwa juu ya pini. Utahisi kipete kinapanda na kugota kwenye ubao. Hapo ndipo unaposhindilia pini kwa dole gumba.
5. Kabla ya kukaza kabisa, tumia kioo tena kuona kwamba hakuna kipete kilichokaa chini ya ncha ya pini.

Pini inayoruka wakati unakaza uzi wa tatu karibu kila mara ina kipete kilichokaa vibaya chini yake. Watu wanaipigapiga kwa nyundo, shevale inapasuka, halafu wanalaumu nyuzi. Ondoa, rudia hatua ya nne.

Ukinunua pini mpya, jua kwamba hazilingani. Nyingi zina mteremko wa digrii 3 au digrii 5, na ile ya 5 ndani ya tundu la 3 inabana juu na kulegea chini. Chukua mojawapo ya pini zako uende nayo kulinganisha.

Kuvika nyuzi kwenye shevale isiyo na pini

Hapa ni rahisi zaidi, na ndiyo sifa yake kubwa. Hakuna kinachopotea, na gizani umeme ukiwa umekatika unaweza kubadilisha uzi kwa kupapasa. Ila ncha ya uzi wa chuma inachora uso wa gitare vibaya sana, kwa hiyo laza kipande cha katoni nyuma ya shevale kabla ya kuanza.

Pitisha uzi kutoka nyuma, uvute polepole hadi kipete kikae ndani ya kijitundu chake, na usiuachie. Shika uzi ukiwa umevutika kwa mkono mmoja huku ukizungusha funguo kwa mwingine. Ukilegea, kipete kinarudi nyuma na kukaa upande. Tazama kwa nyuma kila uzi kabla ya kukaza. Kipete kinachovuta ukingo wa tundu badala ya kitako chake kitamega mbao kidogo kidogo, na siku moja kitapasua mgongo wa shevale.

Wengi wetu hatutupi uzi uliokatika karibu na kipete. Tunasokota upya kwenye kipete cha zamani. Hilo linawezekana kwa aina zote mbili mradi msokoto usifike kwenye mfupa. Ukifika, uzi hautashika sauti na mfupa utaliwa.

Shevale iliyobanduka

Kila fundi amesikia ombi hili: «Papa, weka tu visi mbili, itashika.» Visi vinashika kweli, kwa muda. Uso wa gitare ni mbao laini. Kisi kinachana, shimo linapanuka, na mwaka unaofuata unatengeneza uso mzima badala ya shevale. Gundi ya dakika moja nayo inashika haraka lakini inakauka kama kioo, haipendi mitikisiko, na inamwachia fundi anayekufuata kazi ya kuikwangua.

Utahitaji gundi ya mbao iliyo mpya (kole ya seremala ya kawaida, nyeupe au ya manjano), msasa wa namba 120, kisu chembamba kisicho na makali, utepe wa karatasi, pasi, na jiriwa tatu zenye mkono mrefu wa kufika kutoka ukingo wa tundu la sauti hadi nyuma ya shevale. Jiriwa ndizo ngumu kupata. Seremala wengi wana fupi. Ni afadhali kumwomba fundi chuma akuunganishie moja ndefu kuliko kuweka tofali juu ya shevale na kuomba Mungu.

Ondoa nyuzi, pini, mfupa, na waya wa pikapu (kinasa sauti cha umeme) kama upo. Tafuta nati kwa ndani na uzifungue; kuna waliovuta shevale nusu saa huku imefungwa kwa bolti. Hakikisha pia kwamba shevale si ya plastiki, kwa sababu pasi itaiyeyusha. Kisha zungushia shevale utepe wa karatasi kwenye pande zote nne, kabla haijatoka, ili mahali pake pajulikane.

Funika uso kwa katoni iliyokatwa dirisha la ukubwa wa shevale. Weka pasi juu ya shevale dakika mbili au tatu, ondoa, jaribu kuingiza kisu pale ilipokwisha kuachia. Gundi ya mbao inalegea karibu nyuzi joto 70. Pasi ya makala inafaa, ila majivu yasidondoke na usiiache mahali pamoja. Umeme ukiwapo tumia ya umeme kwa moto wa katikati. Sukuma kisu kufuata mishipa ya mbao, si kwa kuinua. Ukisikia mlio wa kuchanika, simama, pasha tena. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo haina njia ya mkato, na saa nzima si nyingi.

Shevale ikitoka, kwangua gundi ya zamani pande zote mbili hadi uone mbao yenyewe. Ukikuta vanishi chini ya shevale umekuta chanzo: ikwangue yote ndani ya mstari wa utepe. Laza msasa usoni, upande wa makali juu, usugue shevale juu yake ili tumbo lake lifuate uvimbe wa gitare. Ijaribu ikiwa kavu. Isipokaa vizuri bila gundi, haitakaa vizuri kwa gundi.

Kabla ya kubana, aina hizi mbili zinaachana tena. Shevale ya pini unairudisha mahali pake kwa pini mbili za pembeni, uzi wa kwanza na wa sita, ukizipitisha matunduni hadi kwenye uso, haiwezi kusogea. Isiyo na pini haina alama, na gundi mbichi inateleza kama sabuni. Milimita moja tu ya kusogea inaharibu sauti za vyuma vyote vya juu. Kwa hiyo gundisha vijiti viwili vidogo kwenye utepe, kimoja mbele na kingine pembeni, viwe ukuta wa kuegemea.

Paka gundi nyembamba, weka shevale, bana jiriwa ya katikati kwanza na za pembeni baadaye. Kwa ndani weka kipande cha mbao kinachokaa kati ya viungo, na plastiki kidogo ili kisigande. Gundi itoke kidogo pande zote; ifute kwa kitambaa chenye unyevu. Acha saa 24 bila kugusa jiriwa. Kwa isiyo na pini mimi naongeza siku nyingine kabla ya kuvika nyuzi, na naanza na seti nyepesi ya 10 hadi 47, inayovuta karibu kilo 60.

Ubao wa ndani ulioliwa

Huu ni ugonjwa wa pini peke yake. Kama matundu yamepanuka lakini ubao haujapasuka, kata kipande chembamba cha mbao ngumu, milimita 2, urefu wa kufunika matundu yote sita, kigundishe juu ya ubao wa zamani, kisha toboa kutoka juu ukifuata matundu ya shevale. Mti wa mulombwa ni mzuri kwa kazi hii kwa sababu ukikauka hautembei sana, na mabaki yake hayakosekani kwa maseremala. Wenge ni ngumu lakini inachanika kwa vijiti. Asiye na vifaa anaweza kutumia bamba jembamba la shaba ya manjano lenye matundu sita, linaloshikwa na vipete vyenyewe. Shaba nyekundu, ile tunayoizoea hapa, ni laini mno, vipete vitaizamia.

Kugeuza isiyo na pini iwe ya pini

Swali hili linakuja kila mara shevale isiyo na pini inapobanduka mara ya pili. Jibu langu ni hapana, isipokuwa umeona ubao wa ndani. Gitare iliyojengwa bila pini haikuhitaji ubao mgumu chini, hivyo mara nyingi ina mwembamba, au wa mbao laini ileile ya uso. Ukitoboa matundu sita hapo na kupachika vipete, vitaula. Unaweza pia kutoboa kiungo kikuu kilicho ndani, na hicho ndicho kinachozuia uso usizame. Shevale iliyobanduka mara mbili inadai gundi iliyopakwa vizuri mara ya tatu. Kugeuza ya pini iwe isiyo na pini kunawezekana kwa kuchonga shevale mpya na kuziba matundu ya uso, lakini sijaona faida yake.

Ukiwa dukani na gitare mbili za bei ileile ya chini, chukua ya pini. Inasamehe gundi mbaya, inakubali kurekebishwa mfupa, na pini zake zinaweza hata kuchongwa na mtu wa kinyago. Ukiwa na pesa ya gitare iliyojengwa na watu wanaojali, aina ya shevale isikuzuie. Hapo chagua kwa masikio na kwa shingo.

Kiangazi

Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na kuanzia Mei mvua inakatika hadi karibu Oktoba. Agosti na Septemba hewa inakauka kiasi cha kupasua midomo, na mbao nayo inanywea. Shevale na uso ni miti miwili tofauti, haipungui kwa kipimo kimoja, na gundi iliyo katikati ndiyo inayochanika. Gitare inapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Iweke ndani ya sanduku lake pamoja na sponji yenye maji iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Usiiache kwenye gari lililofungwa mchana: joto la mle linaweza kukaribia lile linalolegeza gundi ya shevale. Mwezi wa Novemba mvua zikirudi, ondoa sponji, na upitishe tena ile karatasi nyuma ya shevale.